Mama alipopata urais, sisi tulikuwa mwaloni na dagaa

Swali lenu la wiki hii, eti mbunge akipata cheo kikubwa cha kimataifa jimbo lake linafaidika au linaumia, limenigusa pabaya. Mi ni wa Ukerewe, visiwa vya Ziwa Victoria, na mtu wa Ukerewe ukimuuliza hivyo anajua unamsema nani hata kama hujataja jina. Mama Gertrude Mongella, aliyekuwa mbunge wetu. Jibu la haraka haraka: linaumia. Cheo kinakuwa chake, shida za ziwa zinabaki kwetu.

Machi 2004 nilikuwa na miaka 11. Bibi yangu alikuwa mchuuzi wa dagaa na wiki ile mvua haikatiki, kaanika dagaa mchangani wakanyeshewa, akawageuza, wakanyeshewa tena, na dagaa akishalowa mara mbili huyo sio dagaa tena, anageuka njano, ananuka, unamuuza bei ya chakula cha kuku. Wachache waliopona tukawatia kwenye magunia tuvuke nao Mwanza, ziwa nalo likachafuka, hakuna chombo kinachoondoka. Tukalala mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga, siku mbili chini ya turubai, kazi yangu kusukuma lile tumbo la maji linalojaa katikati kwa mti wa kasia, na kila nikisukuma lazima nimmwagie mtu, natukanwa. Mzee mmoja alikuwa na redio, betri kazing'ata kwa meno mpaka zimebonyea ili zitoe sauti kidogo, ndo tukasikia mbunge wetu kachaguliwa Rais wa Bunge la Afrika, wa kwanza kabisa, huko Addis Ababa. Wanaume wakapiga makofi. Bibi wala hakuinua kichwa, mkono uko ndani ya gunia anapapasa kama wameanza kupata joto, akauliza tu, "Huyo rais, jua ataleta yeye?"

Watu walicheka sana. Mi nilidhani ndo jibu la kila kitu, na miaka mingi nimelirudia kila siasa za nyumbani zikianza.

Ila sasa naandika hapa nakumbuka kitu kingine ambacho kinaniharibia hoja. Bibi huyo huyo, babu alipotaka shangazi yangu mdogo aache shule kwa sababu ya ada, alimtaja Mama kama anamtaja ndugu yake: mtoto wa kike wa hapahapa kisiwani kaongoza mkutano wa wanawake wa dunia Beijing mwaka 1995, wewe unanyima ada? Babu akauza mbuzi. Shangazi leo ni nesi. Sa hiyo faida unaiweka fungu gani?

Na 2010 Mama tulimtoa kweli, tukampa Machemli wa CHADEMA, 2015 tukampa Mkundi wa CHADEMA, naye 2018 akahamia CCM, mwaka uleule kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na Ukara na zaidi ya watu 220 wakafa. Simlaumu mbunge yeyote kwa hilo, nasema tu hao hawakuwa na urais wa bara zima wa kuwapeleka Midrand, Afrika Kusini, yaliko makao ya Bunge la Afrika, na dagaa mvua ikinyesha bado wanalowa vilevile.

Kwa hiyo msimamo wangu ni uleule, jimbo linaumia, labda tuseme linaumia kidogo, na visiwa 38 sio jimbo la kuliongoza kwa simu. Mkiniuliza mwaka 2010 ningempigia nani, nilikuwa na miaka 17, sikuruhusiwa, na kusema ukweli nashukuru.