Majibu ya MRI hayajabadilika, mguu umezidi kuwa mzito

Ndugu yetu wa Makambako ameuliza inawezekanaje baba yake, mwenye MS (multipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia neva) ya aina inayosonga mbele bila kutulia, aandikiwe kwenye majibu ya MRI, yaani kipimo cha picha za ndani ya mwili, kwamba hakuna madoa mapya, ilhali mwaka jana alitembea kwa fimbo moja na sasa anahitaji mbili. Ninaishi na ugonjwa huu hapa Iringa kwa mwaka wa tisa, na swali hilo niliwahi kuliuliza mwenyewe. Daktari wa hospitali ambayo sitaitaja alinijibu nimshukuru Mungu, kwa kuwa picha ni nzuri. Nilitoka pale nikiburuta mguu.

Madoa yale yanaonyesha mahali ambapo kinga ya mwili imeshambulia mayelini, yaani ganda linalofunika nyuzi za neva. Kwa mgonjwa anayepata mashambulizi na kisha kutulia, doa jipya, hasa linalong'aa baada ya mgonjwa kuchomwa gadolini, dawa ya kung'arisha picha, ni habari kubwa. Kwa sisi ambao ugonjwa unasonga taratibu, uvimbe mwingi unaotokana na mashambulizi hayo umejifungia ndani ya ubongo wenyewe na unafukuta kama moto wa vumbi la mbao kule Mafinga: juu huoni ndimi, ndani unaendelea kula. Nyuzi za neva hufa kidogo kidogo, na ubongo hupungua ujazo. Kila mtu mzima hupoteza kiasi fulani, takriban asilimia 0.1 hadi 0.3 kwa mwaka, lakini kwa mwenye MS asiyetibiwa kiasi hicho mara nyingi huwa asilimia 0.5 au zaidi. Tofauti ndogo namna hiyo haionekani kwa macho, na majibu ya kawaida hayaipimi. Hata ukitaka ipimwe, picha mbili zilizopigwa kwa mashine tofauti hazilinganishwi kirahisi, kwa hiyo tunzeni CD za zamani na, mkiweza, rudini kwenye mashine ileile.

Mzee huyo amebadilika kweli, hata kama picha haisemi. Katika kipimo cha ulemavu alichokitoa daktari Mmarekani John Kurtzke mwaka 1983, kinachoanzia 0 hadi 10, anayehitaji fimbo moja ili atembee mita 100 yuko kwenye 6, na anayehitaji mbili yuko kwenye 6.5. Kasoro yake ni kwamba ngazi hizo za juu hutazama miguu kuliko kitu kingine, hivyo mikono na kumbukumbu husahaulika.

Mimi niligutushwa na fundi viatu wa Mlandege. Aliniuliza kwa nini soli ya kulia imelika kwenye ncha tu, na ya kushoto iko kama ilivyonunuliwa. Nilikuwa sijajua kwamba ncha ya mguu inagusa chini kila hatua. Siku hiyo nilichora mistari miwili ya chokaa uani, umbali wa mita saba na nusu, na kila tarehe mosi mwanangu hunipima kwa saa ya simu, asubuhi kabla jua halijakolea. Muda wa siku ni muhimu, kwa sababu joto hudanganya: nikishuka Kitonga kwenda Dar es Salaam miguu huwa kama magogo, nikirudi kwenye baridi yetu inapata nafuu, wala hakuna kilichoharibika zaidi.

Kwa miezi minane sekunde zilipanda kutoka 9 hadi 14. Daftari hilo nililiweka mezani kwa daktari mwingine, naye, badala ya kurudia picha ya kichwa, aliagiza ya shingo. Uti wa fahamu unaopita ndani ya mifupa ya shingo una unene wa kidole kidogo tu, na amri zote za miguu hupita humo, kwa hiyo doa ambalo kichwani lisingeleta shida yoyote, pale linaweza kumlemaza mtu. Mimi nilikutwa na madoa mawili, na uti wenyewe umesinyaa. Picha zangu tatu za awali zote zilikuwa za kichwa peke yake. Ndugu yangu, hebu itazame bahasha ya mzee: ni sehemu gani ya mwili iliyopigwa picha?