Hedhi Ilikoma Miaka Miwili Iliyopita, Sasa Naona Damu: Je, Ninunue Dozi ya Pili?

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 53, ni mama lishe hapa Morogoro. Hedhi ilikoma miaka miwili na zaidi iliyopita. Tangu wakati huo mwili unawaka ghafla, hasa nikiwa jikoni, usiku naloa jasho hadi nabadilisha shuka, na tendo la ndoa limekuwa maumivu kwa sababu ya ukavu. Mwenzangu wa kikoba alinipeleka kwa watu wanaopima mwili mzima kwa mashine ya kushika chuma. Wakaniambia homoni zimevurugika na kizazi kina uchafu, nikanunua dozi ya mwezi kwa shilingi 180,000. Wiki ya tatu nikaona damu kidogo kwa siku nne. Wanasema dawa inafanya kazi, uchafu unatoka na hedhi inarudi, na wanataka ninunue dozi ya pili. Fedha sina. Je, nikope, au kuna dawa ya bei nafuu inayofanya kazi hiyohiyo?

JIBU: Dada yangu, usikope, na dozi hiyo usiendelee nayo hata ukipewa bure. Nitafika kwenye joto, jasho na ukavu, kwa sababu vyote vina nafuu isiyohitaji fedha nyingi, lakini nitaanza na damu, ambayo wewe umeitaja katikati ya maelezo kana kwamba ni jambo dogo.

Mwanamke wa umri wako akishakaa miezi 12 mfululizo bila hedhi, ovari zake zimemaliza kazi ya kupevusha mayai, na hakuna kidonge, unga wala chai inayoweza kuzirudisha kazini. Kwa hiyo damu yoyote inayotoka baada ya hapo, iwe tone moja, iwe ya rangi ya kahawia, iwe ya siku moja kisha ikakatika yenyewe, si hedhi. Wala si uchafu. Kizazi hakina akiba ya uchafu inayosubiri kusafishwa. Utando wake wa ndani, ambao zamani ulikuwa ukijijenga na kubomoka kila mwezi, baada ya hedhi kukoma hubaki mwembamba na kutulia. Ukitoa damu, kuna kitu kinachoisababisha, na kitu hicho lazima kitafutwe.

Mara nyingi kinachopatikana si cha kutisha: ngozi ya uke iliyokonda kwa ukavu, au kinyama kisicho saratani. Hata hivyo, takribani mwanamke mmoja kati ya kumi wanaotoa damu baada ya ukomo wa hedhi hukutwa na saratani ya mji wa mimba, na hapa kwetu kuna pia saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Ipo pia sababu inayotokana na dozi yenyewe. Bidhaa za namna hii mara nyingi hazisemi waziwazi kilichomo ndani yake, na kama ndani mna kitu kinachofanya kazi kama estrojeni, ile homoni ya kike inayojenga utando, kinaweza kuunenepesha utando wa kizazi hadi ukatoa damu. Hali hiyo ikiachwa iendelee bila projesteroni, homoni nyingine ya kike, ya kuuzuia utando huo, huandaa njia ya saratani. Hivyo basi, hata tukichukulia kwamba maneno ya wauzaji ni kweli na dawa yao ndiyo iliyoleta damu, hiyo ni sababu ya kuiacha leo.

Neno hilo la uchafu linaniumiza kuliko uongo mwingine wote ninaokutana nao kliniki. Mwanamke huona damu na mwili wake humwonya kwa wakati, kisha mtu asiye na ujuzi wowote humgeuzia onyo hilo kuwa habari njema. Anaendelea kunywa, anashukuru, pengine anawaalika na wenzake, na anapokuja kwetu damu imekuwa na harufu, mgongo unauma na miguu imeanza kuvimba. Saratani ya mlango wa kizazi iliyogunduliwa mapema hupona, mara nyingi kwa upasuaji peke yake. Iliyochelewa hupelekwa hospitali ya saratani kama Ocean Road kwa mionzi, na mara nyingine hata mionzi hulenga kupunguza maumivu tu.

Kwa hiyo nenda wiki hii katika kituo cha afya au hospitali ya wilaya, ueleze kwa maneno haya: hedhi ilikoma zaidi ya miaka miwili iliyopita na sasa nimetoa damu. Utahitaji kuchunguzwa mlango wa kizazi kwa kifaa, kupigwa ultrasaundi, inayofaa zaidi ikiwa ile ya kupitia ukeni, ili kuangalia unene wa utando wa kizazi, na kuchukuliwa kinyama kidogo cha kupimwa maabara endapo utando umezidi milimita 4, endapo kuna kidonda, au endapo damu inajirudia. Usikubali kurudishwa nyumbani kwa sababu tu kipimo cha siki, cha kupaka siki kwenye mlango wa kizazi kutafuta dalili za saratani, hakikuonyesha kitu. Kipimo hicho ni kizuri kwa wanawake wa umri mdogo wasio na dalili, lakini katika umri wetu sehemu inayotakiwa kuonekana hurudi ndani ya mlango wa kizazi, na kwa mwenye kutoa damu hakitoshi. Kikwazo kikiwa fedha, waone watu wa ustawi wa jamii hospitalini kabla ya kukata tamaa, kwani kushughulikia maombi ya msamaha wa gharama ni sehemu ya kazi yao.

Sasa tuje kwenye kuvurugika kwa homoni. Estrojeni yako imepungua kama inavyopungua kwa kila mwanamke anayefika umri huo, wala hakuna mizani iliyoharibika inayohitaji kusawazishwa. Hakuna chuma cha kushika mkononi kinachoweza kusoma homoni, ini, figo au kizazi; mashine ile hupewa umri, jinsia na uzito wako, kisha hutoa kurasa nyingi za magonjwa ambayo dawa zake zote zimo katika kabati la muuzaji. Hata kipimo halali cha damu cha homoni hukihitaji. Kwa mwanamke aliyevuka miaka 45 mwenye dalili za kawaida, umri na historia ya hedhi vinatosha. Fedha hiyo itumie kupima presha na sukari, ambavyo katika umri huu vina maana kubwa zaidi. Na kwa kuwa unaloa jasho usiku, jiulize kama una kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, au nguo zimeanza kupwaya. Ukiwa na mojawapo, omba upimwe kifua kikuu, kipimo kinachotolewa bure katika vituo vya umma.

Joto la ghafla halina haja ya dozi ya mwezi. Kwa wanawake wengi hudumu miaka kadhaa, kisha hupungua lenyewe. Ikiwa una uzito uliozidi, kuupunguza hupunguza joto, na hilo limethibitika. Jikoni sogeza meko mahali penye hewa, vaa pamba nyepesi, na uchunguze kama pilipili, kahawa au pombe ndivyo vinavyolichochea kwako. Likikuzidi hadi ukakosa usingizi, zipo dawa zisizo za homoni, kama gabapentini na baadhi ya dawa za sonona kwa kipimo kidogo, ambazo daktari anaweza kukuandikia.

Homoni tiba ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60 faida yake kwa kawaida huzidi madhara, ilimradi hajawahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda mishipani. Kwa mwenye kizazi, estrojeni lazima iambatane na projesteroni. Lakini hakuna daktari makini atakayekuandikia kabla chanzo cha damu hakijajulikana. Naomba pia usijaribu njia ya mkato ninayoiona mara nyingi, ya kunywa vidonge vya uzazi wa mpango eti kwa sababu navyo ni homoni na hupatikana bure. Estrojeni iliyomo humo ni kali kuliko inayohitajika, na kwa mwanamke wa miaka 53 mwenye presha asiyoijua inaweza kuleta kiharusi.

Kwa ukavu, anza na kilainishi cha maji wakati wa tendo. Mafuta ya nazi safi yanaweza kusaidia pia, isipokuwa mnapotumia kondomu, kwa sababu mafuta huipasua. Damu ikishachunguzwa, krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni hutibu ukavu wenyewe. Baada ya wiki mbili za mwanzo hupakwa mara mbili tu kwa wiki, kwa hiyo tyubu moja hudumu. Acha kabisa shabu, ugoro, vifuko vya kuingiza ukeni na kujifukiza. Vitu hivyo hukausha, huchubua na huunguza ngozi ambayo tayari imekonda, na baadhi ya wanawake hutoa damu kwa sababu hiyo peke yake. Kuhusu mifupa, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, mtindi, na kutembea kwa miguu vitakufaa kuliko kopo lolote la virutubisho unaloletewa kikobani.

Wauzaji watakuonyesha nembo na cheti. Kirutubisho husajiliwa kama chakula, na usajili huo hauthibitishi kwamba kinatibu ugonjwa. Bidhaa inayodai kutibu inapaswa kusajiliwa kama dawa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, au na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ikiwa ni ya asili. Wanawake wengine mnaosoma jibu hili, hasa mnaouziana bidhaa hizi katika vikoba na vikundi vya ibada, mkisikia mwenzenu anashangilia kwamba hedhi imerudi akiwa na miaka 55 au 60, msimpongeze wala msimuuzie dozi nyingine. Msindikizeni hospitali.

Nawe dada, utakapokwenda, beba kopo la dozi hiyo hata kama limekwisha, andika tarehe ulizoona damu na mwaka hedhi ilipokoma, na umwambie daktari kila ulichoingiza ukeni bila kuona haya. Majibu ya kinyama yanaweza kuchukua muda. Ulizia siku ya kuyafuata kabla hujaondoka, na uyafuate hata kama damu itakuwa imekatika.