Kubadili kampuni ya meli ya utalii mkiwa na watoto

Dada, nimekuelewa: mmezoea kampuni moja, sasa mmeona nyingine ya bei nafuu inayoanzia safari Barcelona, na unaogopa kupoteza pesa. Sisi tulihama hivyo hivyo, hatukujuta, ila ule unafuu uliyeyuka kiasi. Bahshishi ya wahudumu ilikatwa kwa kila kichwa kila siku, watoto nao wakahesabiwa. Soda na intaneti juu yetu. Jumlisha vyote ndipo ulinganishe.

Kubwa zaidi ni viza. Kama meli inatoka Ulaya, inapita Tunis huko Afrika Kaskazini, kisha inarudi Ulaya, ninyi wenye pasi za Tanzania mnahitaji viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, ya kuingia zaidi ya mara moja. Hapo usimsikilize wakala wala mimi, uliza ubalozini.

Chukueni chumba cha katikati, sitaha za chini, hakiyumbi sana. Mama mkwe wangu aling'ang'ania cha mbele juu, akatapika siku mbili! Fikeni Barcelona siku moja kabla; meli haisubiri mtu.

Na huyo mdogo wa miezi 4: ulizeni kabla ya kulipa, kampuni nyingi hazipokei watoto wa chini ya miezi 6.