Anza kuhesabu maji mvua ikiwa bado inanyesha

Mwaka wa kwanza wa kuvuna maji ya paa, tangi langu la lita 5,000 lilijaa pomoni, nikaona kazi imekwisha. Nyumbani tulitumia lita 100 kwa siku. Maana yake ni siku 50, na kiangazi chetu ni miezi minne! Hesabu hiyo niliifanya ndoo ikiwa tayari inakwangua chini.

Kibaya ni kwamba maji yakiacha kuingia, matumizi nayo hupanda. Wakati wa mvua bustani haiombi kitu. Jua likiwaka na upepo ukivuma, mita moja ya mraba ya mboga hupoteza lita 5 hivi kwa siku, kupitia majani na udongo. Tuta langu la mita 10 za mraba lilikuwa likinywa lita 50, nusu ya matumizi ya nyumba nzima. Siku hizi napunguza matuta kabla mvua haijakatika, natandaza nyasi kavu, na namwagilia jua likishazama.

Mapato ni rahisi kupima. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita 60 za mraba likipata milimita 20 hukupa lita 1,200. Toa moja ya tano inayomwagika au kukaukia juu ya bati, zibaki 960.

Mwenye kisima awe mwangalifu zaidi. Maji ya chini husafiri polepole, kwa hiyo kisima huweza kuonekana kimeshiba wiki kadhaa baada ya mvua kuisha, kisha kikashuka. Mvua mpya nazo hazikijazi mara moja, kwani udongo mkavu hunywa kwanza. Wingu la kwanza liliwahi kunifanya nifue kila kitu siku moja. Mvua ikakata wiki mbili.

Sasa nina ufito wenye mikato ya kisu, kila mkato lita 500. Jumapili jioni nautumbukiza tangini, natazama ulipolowa, naandika. Kiasi kilichobaki nakigawa kwa siku zilizobaki, nikiongeza 30 za mvua kuchelewa. Zikibaki lita 3,600 na siku 60, nagawa kwa 90: lita 40 kwa siku. Natangaza mezani usiku huohuo, watoto wakisikia.