Wadogo zangu wa mazingira, hewa chafu ina wenyewe

Juzi kikaoni kijana wetu mmoja, kichwa kizuri kweli na nampenda, kamwaga slaidi za vumbi na moshi nusu saa nzima, bosi akauliza "haya, nisaini nini?" Kimya. Kila kundi jipya ni hivyohivyo, ndo maana naandika.

Mkitaka mfano wa mtu wa sayansi aliyefika ofisi ya meya, mchukueni Claudia Sheinbaum wa Mexico City.

1. Anzeni fildi. Alisoma fizikia UNAM, chuo kikuu cha taifa cha Mexico, na tasnifu yake ya shahada ya kwanza ilihusu majiko ya kuni ya vijijini. Udaktari wa uhandisi wa nishati ulikuja baadaye.

2. Jueni nani anaguswa. Hapa ndo mnaponikwaza. Mwaka 2000 alipewa idara ya mazingira ya jiji, na moshi wa vibasi vya Avenida Insurgentes ulikuwa unajulikana na kila mtu. Ila kibasi ni mali ya mtu, ndo ada ya watoto wake, ukimwambia akitoe barabarani kisa grafu yako atagoma na nitamwelewa. Kilichofanyika, wenye vibasi wa njia ile wakaingia kwenye kampuni ya kuendesha mabasi makubwa, mabasi yakapewa njia yao peke yao, Metrobús ikaanza 2005. Hiyo ni mikataba, hisa, nani anakusanya nauli, nani anamlipa dereva, mambo ambayo darasani hamkufundishwa na bila hayo vipimo vyenu vitalala kwenye kompyuta. Yeye huyohuyo alisimamia pia ghorofa ya pili ya Periférico, yaani barabara ya magari iliyojengwa juu ya barabara kuu, na hilo mimi silikubali mpaka leo. Na nyie mtaletewa la namna hiyo, semeni mapema na kwa maandishi.

3. Mafaili ya zamani ni yenu. Line 12 ya metro ilifunguliwa 2012, yeye akawa meya Desemba 2018, tarehe 3 Mei 2021 daraja la reli likaporomoka na treni, watu 26 wakafa. Aliyetakiwa kujibu ni yeye. Ukikabidhiwa ofisi dai ripoti za ukaguzi na matengenezo kabla hujaanza kuota miradi, jamani hili nalirudia kila mwaka!

4. Bajeti someni wenyewe, msimwachie mhasibu.

5. Ukurasa wa kwanza wa ripoti: kifanyike nini, na nani, fungu lipi, lini. Grafu zikae nyuma, atakayezitaka atafunua.