Mwandikie swali moja

Kwenye rafu yangu kuna riwaya yenye maneno haya kwa wino wa buluu: "Kwa mwanangu wa kurasa nne." Kila anayeifungua huniuliza nilimpataje mwandishi mwenyewe, na wengi wanaouliza nao wana mwandishi wao wanayempenda tangu shule, ila wanaona haya kumfuata. Nimechoka kueleza nusu nusu, leo naandika yote.

Jina lake silitaji. Ndivyo alivyotaka, na sababu mtaiona mbele. Nitamwita Maalim, kama wanavyomwita mtaani kwake Unguja.

Nilimsoma nikiwa kidato cha tatu, Morogoro. Maktaba ya shule ilikuwa na nakala moja tu ya riwaya ile, imefunikwa gazeti na kushonwa kwa uzi mweusi. Ukifika ukurasa wa 112, unaofuata ni wa 117. Karatasi mbili zilikuwa zimechanwa, tena pale pale mama anaposimama mlangoni na kumwuliza mwanawe swali ambalo kitabu kizima kilikuwa kinalizunguka. Ukifungua upande wa pili, kijana ameshaondoka zake. Niliisoma mara tatu hivyo hivyo, bila kujua alijibu nini.

Mwaka 2011, nikiwa tayari nafundisha, nilimwandikia. Tazameni ule ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu, wenye mwaka wa kuchapishwa na haki za kunakili. Mara nyingi pana sanduku la posta la mchapishaji, na siku hizi barua pepe. Andika jina la mwandishi, chini yake "kupitia kwa" mchapishaji. Yangu ilifika.

Ilikuwa nusu ukurasa. Nilijitambulisha kwa sentensi mbili, nikamweleza zile karatasi zilizochanwa, nikauliza yule kijana alimjibu nini mama yake. Basi. Sikumwambia kwamba nami naandika, wala sikuambatanisha hadithi zangu, ingawa nilikuwa na daftari zima. Nawaomba sana mlizingatie hili, maana ndipo wengi wanapoharibu. Maalim alinionyesha baadaye kasha la miswada aliyotumiwa na watu asiowajua, kila mmoja akiomba asomewe, asahihishwe, atafutiwe mchapishaji. Ilimuumiza, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuisoma wala roho ya kuitupa. Anayekuandikia mara ya kwanza kwa kukutwisha mzigo, utamkumbuka kwa ule mzigo.

Jibu lilichukua miezi mitano. Nilikuwa nimeshakata tamaa. Katika bahasha ya kaki mlikuwa na karatasi sita za mistari, zimejaa mwandiko mdogo uliolalia kulia. Alikuwa amezinakili zile kurasa nne kwa mkono wake. Chini kabisa aliandika namba ya simu na neno moja, "Wasalaam."

Nilizisoma nimesimama mlangoni mwa posta.

Nilipopata mshahara nilikwenda Dar es Salaam, kwenye duka la vitabu la Mtaa wa Samora, nikanunua nakala nzima. Usiku nikaweka kitabu na zile karatasi bega kwa bega. Hazikulingana. Kitabuni kijana anaulizwa na kunyamaza. Katika karatasi zangu anajibu, maneno matano tu, kisha ndio anaondoka. Nikapiga simu nikitetemeka.

"Shikamoo Maalim."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nikajitaja. "Ah, wewe ndiye wa kurasa nne?"

Nikamwuliza: kitabuni amenyamaza, kwangu amejibu, nimshike yupi? Kimya kikawa kirefu hadi nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Nilipoiandika mara ya kwanza nilikuwa kijana mwenyewe, nikiona kumnyamazia mama ni ushujaa. Nilipokuwa nakunakilia wewe, mkono ulikataa." Tukazungumza mpaka salio langu likaisha, naye akanipigia.

Nimefikiri sana kwa nini swali lile lilimfungua. Sifa alikuwa ameshazisikia za kila namna, na mtu akisifiwa huishia kusema ahsante. Lakini mtu aliyemsoma hadi akaona mahali alipobadili mawazo, huyo ana la kuzungumza naye. Kwa hiyo kabla hujamtafuta mwandishi wako, rudi kwenye kitabu. Kisome tena ukiwa na penseli. Tafuta lile linalokukera au lisilokuingia akilini, uliza hilo, na uliulize peke yake.

Alinikaribisha nyumbani mwaka 2013. Nilivuka kwa boti na dada yangu. Msichana kwenda peke yake kwa mzee asiyemjua sikuona inafaa, na kwake naye ingekuwa fedheha. Nilibeba kilo tano za mchele wa Ifakara, nikamkabidhi mkewe. Yeye ndiye aliyenipokea, akanilisha, akaniuliza ukoo wangu na kazi yangu, wakati Maalim amekaa barazani anasikiliza tu. Mwandishi ana watu wake. Wao ndio wanaojua saa anazoandika na siku ambazo presha imempanda, na wakikukubali umeingia nyumbani. Wanaopita moja kwa moja kwa "mheshimiwa mwandishi" bila hata kumsalimia mama mwenye nyumba, nimewaona. Hawarudi mara ya pili.

Sasa kosa langu. Mwaka 2014 riwaya ile ilikuwa inasomwa na wanafunzi wetu, na mimi, kwa furaha na kwa kutaka nionekane, nikaitoa namba yake kwenye kundi la walimu la WhatsApp. Nilidhani watampigia wawili watatu. Ndani ya wiki moja namba ilikuwa mikononi mwa wanafunzi wasiohesabika, wanampigia saa sita za usiku awatajie dhamira na mafumbo, mtihani kesho. Akazima simu. Mkewe ndiye aliyeniambia, kwa upole ulioniumiza kuliko kama angenigombeza. Nilivuka bahari kwenda kuomba radhi, nikakaa chini kwenye mkeka. Maalim alinisamehe siku ile ile, lakini akanitaka nimwahidi mambo mawili: namba yake isitoke kwangu, na jina lake nisilitaje popote ninapoandika habari za urafiki wetu. Ndiyo sababu.

Picha nazo hivyo hivyo. Omba kabla ya kupiga, na omba tena kabla ya kuiweka mtandaoni. Hizo ni ruhusa mbili tofauti.

Na tafadhali usimpelekee akutilie saini nakala ya kudurufu. Kitabu cha shilingi 10,000, kama mkataba wake ni asilimia 10, kinampa mwandishi shilingi 1,000. Nakala ya kudurufu haimpi hata senti. Nilishamwona Maalim akitia saini moja kama hiyo, kwa adabu, halafu akaikunja miwani na asiseme neno jioni nzima.

Kama huna ujasiri wa barua, kuna pa kuwakuta. Dar es Salaam kuna Soma Book Café pale Mikocheni. Nairobi kuna maonesho ya vitabu ya kila Septemba. Kuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu mwezi wa Aprili, na Siku ya Kiswahili Duniani, Julai 7. Panga foleni, nunua kitabu, uliza lile swali lako moja, mpishe wa nyuma yako. Mwaka ujao atakukumbuka kwa swali.

Ila usichelewe. Nilikuwa na barua ya kumwandikia Euphrase Kezilahabi, yule mwandishi wa Rosa Mistika. Niliianza, nikaifuta, nikasema nitaiandika vizuri likizo. Alifariki Januari 2020, na rasimu yangu iko kwenye daftari hadi leo.

Maalim macho yamepungua. Siku hizi nikienda namsomea kwa sauti alichomwambia mjukuu wake aandike, naye anagonga sakafu kwa bakora pale anapotaka nirudie. Mara nyingine anagonga pale pale mara nne, na sioni tatizo liko wapi, narudia tu. Safari hii Bi Mkubwa ameagiza mchele ule ule wa Ifakara, na Maalim ameagiza karatasi za mistari, rimu nzima.