Kisima kimeingia chumvi: tuchimbe zaidi?

SWALI: Tangu tufunge pampu ya umeme, kila kiangazi kisima chetu hutoa maji ya chumvi. Fundi anasema tuongeze kina mita 3. Tukubali? — Msomaji, Makunduchi, Unguja

JIBU: La, msikubali! Ndani ya jiwe la matumbawe, maji ya mvua huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi. Kwa kanuni, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na takriban mita 40 za maji hayo chini ya usawa huo. Pampu ikishusha maji sentimita 10, chumvi inaweza kupanda hadi mita 4. Mkichimba, mnaifuata.

Vuteni kidogo kidogo, mkipumzisha kisima. Ikiwa pampu iko juu, fungeni mdomo wa bomba kwenye dumu tupu lililozibwa, unyonye sentimita 30 chini ya uso. Dumu litashuka na kupanda maji yakipwa na kujaa.

Ya kunywa, kingeni masika na vuli. Paa la mita za mraba 50 likipata milimita 20 za mvua hutoa lita 800 hivi, upotevu ukishatolewa. Maji ya kwanza yana kinyesi cha ndege: yaingie kwanza kwenye bomba la wima la inchi 4, urefu mita 3 (lita 24 hivi), lenye tundu dogo chini la kujimwaga. Tundu likizibwa na majani, uchafu wa mvua ifuatayo utaishia tangini.